Unapinga tukio, "lazima" inabaki palepale: jibu kwa mshauri nasaha wa Ilemela

Swali: Mimi ni mshauri nasaha wa ngazi ya jamii, Ilemela, Mwanza. Kwenye mafunzo tulifundishwa tiba ya urazini, hisia na tabia ya Albert Ellis, pamoja na hatua zake za A, B, C, D na E. Nina mteja, mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mvua ilimharibia mzigo, akachelewesha marejesho ya mkopo wa kikoba, na sasa haendi tena vikaoni. Usiku halali. Anasema wenzake wanamwona tapeli. Kila kikao namwonyesha kwamba mawazo yake hayana ukweli, anaitika "ni kweli, mwalimu", lakini wiki inayofuata anarudi vilevile. Nakosea wapi?

Jibu:

Ndugu mshauri, kwa maelezo yako, unabishana na mama huyu kuhusu tukio, wakati tiba hii inataka mshughulikie amri aliyojiwekea moyoni juu ya tukio hilo. Ukimwambia kwamba wenzake hawamwoni tapeli, hoja yako inasimama mpaka kesho asubuhi atakapopita Mwaloni na mmoja wao akamgeuzia uso. Hapo imekwisha. Tena huenda wapo wanaomsema kweli. Kikundi kikicheleweshewa marejesho hakikai kimya, na wewe huna njia ya kujua kilichomo vichwani mwa wanachama wote. Wala huhitaji kujua.

Tukumbushane zile herufi, kwa sababu wengi huzikariri bila kuona mpaka ulipo kati ya moja na nyingine. A ni tukio lililochokoza, pamoja na tafsiri ambayo mtu amelipatia tukio hilo: dagaa walioloa, marejesho yaliyochelewa, na pia ile "wananiona tapeli". Washauri wengi huihesabu hiyo tafsiri kuwa B. Siyo. Tafsiri ni makisio juu ya mambo yalivyo, na makisio yanaweza kuwa kweli au yasiwe. B ni msimamo anaouchukua juu ya mambo hayo: yanapaswa yaweje, yana uzito gani, anaweza kuyabeba au hawezi, na yanamfanya yeye awe mtu wa namna gani. C ni matokeo ya msimamo huo kwenye hisia, mwili na matendo: aibu, kukosa usingizi, kukwepa vikao. D ni kupinga B. E ni mtazamo mpya unaopatikana baada ya kupinga. Ukimaliza nguvu zako zote za D kwenye A, B inabaki haijaguswa, nayo ndiyo inayomwamsha saa nane za usiku.

Aaron Beck, aliyeasisi tiba ya utambuzi katika miaka ya 1960, kwa kawaida angeanza kwa kupima ushahidi wa ile tafsiri: nani amesema, lini, kuna maelezo mengine? Ni njia halali na ina mahali pake. Ellis alishika njia nyingine. Yeye angemwambia mteja: tuchukulie kwa sasa kwamba jambo unalolihofia ni la kweli tupu, wote wanakuona tapeli, sasa tuangalie unajiambia nini juu ya hilo. Sababu yake ni ya kiutendaji. Mtu aliyetulizwa kwa kuambiwa "hawakusemi" yuko salama mpaka siku watakapomsema. Mtu aliyejifunza kubeba hata kusemwa amepata kitu atakachokitumia kwenye kikoba, kwenye ndoa na kwa mtoto atakayefeli mtihani.

Ellis alizaliwa 1913 na kufariki 2007. Alifunzwa uchambuzi nafsi wa mkondo wa Freud, akauacha kwa kuona kwamba wateja wanaweza kuyaelewa vizuri mambo ya utoto wao na bado wakaendelea kuteseka. Tiba yake aliianza mwaka 1955. Msingi wake aliuchota kwa Epictetus, mwanafalsafa wa kale aliyewahi kuwa mtumwa, aliyefundisha kwamba watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na hukumu wanazozitoa juu ya mambo hayo. Neno "tabia" liliingia rasmi kwenye jina la tiba mwaka 1993, ingawa matendo yalikuwamo tangu mwanzo: akiwa na miaka 19, Ellis alijilazimisha kuanzisha mazungumzo na wanawake wapatao mia moja katika bustani ya mimea ya Bronx, New York, ili aushinde woga wake wa kukataliwa. Nalitaja hili kwa sababu nadhani nusu ya pili ya tatizo lako iko hapo, na nitaifikia.

Kwanza B. Mzizi wake ni "lazima" au "haipaswi kabisa": mimi lazima nifanye vizuri na nikubalike, watu wengine lazima wanitendee haki, maisha lazima yawe mepesi kiasi ninachotaka. Kutoka hapo huzaliwa kauli tatu. Ya kwanza hukuza ubaya: "hili ni janga, hakuna baya kuliko hili." Ya pili hukana uwezo: "siwezi kulivumilia." Ya tatu humhukumu mtu mzima mzima: "mimi si kitu," au "wale ni watu waovu," au "maisha haya hayana maana." Mteja mmoja anaweza kuwa nazo zote nne, lakini katika jambo moja mahususi kwa kawaida inayoumiza ni ile "lazima" pamoja na moja tu kati ya zile tatu. Kwa mama huyu, kwa kuwa hisia inayosikika ni aibu, ningetarajia "haipaswi kabisa niaibike" ikiambatana na "kwa hiyo mimi si mtu wa maana". Hayo ni matarajio tu. Lazima umuulize.

Hapo ndipo kazi inapohitaji subira. Mteja wetu wa huku haji akisema "nina aibu". Anasema "nina mawazo", "kichwa kinauma", "moyo unakwenda mbio", "presha inapanda". (Aliyesema presha apimwe kwanza kwenye zahanati, usimfanyie ushauri nasaha mtu ambaye presha yake iko juu kweli na hajaanza dawa.) "Nina mawazo" haijakupa C. Inaweza kuwa woga, aibu, hatia, hasira au huzuni, na kila moja ina "lazima" yake. Ili kuipata, acha maneno ya jumla uende kwenye saa na mahali. Muulize: Jumamosi iliyopita, kikao kilipokuwa kinakaribia, ulikuwa wapi? Ulikuwa unafanya nini? Mwili ulisikiaje? Kama angekuwepo mtu pale, angekuona umeogopa, umekasirika, au unatamani ardhi ipasuke ikumeze? Watu wengi huchagua haraka wakipewa hayo matatu.

Ukishaipata hisia, fuata mnyororo mpaka ufike kwenye sehemu ya tukio inayouma zaidi. "Ukienda kikaoni, kitakachokusumbua ni nini?" Watanitazama. "Wakikutazama, kibaya hapo ni kipi?" Mwenyekiti atataja jina langu. "Akilitaja?" Mke wa mdogo wangu yumo kikundini, atasikia. Hapo umefika. Wengine wangekomea kwenye kutazamwa na wangepinga kitu cha juu juu. Maswali manne au matano yanatosha. Ukizidisha, mteja anaanza kutunga majibu ili akuridhishe.

Kabla hujapinga chochote, kubalianeni mnakwenda wapi. Tiba hii haimwahidi mtu kwamba atafurahia deni. Inatofautisha hisia chungu zinazomfunga mtu na hisia chungu zinazomwacha akitenda. Badala ya wasiwasi unaokausha koo, tahadhari. Badala ya hatia ya kujilaani, majuto. Badala ya hasira ya kulipiza, kuudhika na kusema. Kwa mama huyu, badala ya aibu, kusikitika: nasikitika kwamba nimechelewa na kwamba wifi amesikia, inauma, lakini naweza kukaa kwenye kiti changu. Mwambie wazi. Wateja wengi hukataa kupinga "lazima" zao kwa sababu wanadhani mshauri anataka waache kujali. Mfanyabiashara mwaminifu hawezi kukubali kuacha kujali deni, na yuko sahihi.

Sasa kupinga kwenyewe. Maswali ni ya aina tatu: la ushahidi (ipo wapi sheria hiyo?), la mantiki (hili linatokanaje na lile?) na la faida (limekusaidia nini?). Vitabu vingi huanza na ushahidi. Kwa mtu aliyechoka na asiyelala, naona ni bora kuanza na faida, kwa sababu jibu anaishi nalo na halina mabishano. Huu hapa mfano niliouandika kwa kufuata kisa chako, ili uone mwendo wake:

Mshauri: Mama, tuchukulie mwenyekiti amesimama, amekutaja jina, na wifi yako amesikia. Hapo moyoni unajiambia nini?

Mama: Najiambia, hili halipaswi kabisa kunitokea mimi. Mtu mzima, nina wajukuu.

Mshauri: Hiyo "halipaswi kabisa" umekuwa nayo kwa wiki kadhaa sasa. Imekusaidia nini?

Mama: Haijanisaidia. Silali. Na kila kikao nisichokwenda wananiandikia faini.

Mshauri: Kwa hiyo inakutoza usingizi na inakutoza faini. Tuitazame vizuri. Ungependa sana usitajwe mbele ya watu, si ndiyo?

Mama: Sana.

Mshauri: Hilo libaki, sitaligusa. Swali langu ni hili: kutoka kwenye "napenda sana lisitokee", tunafikaje kwenye "lisitokee kabisa"? Siku ile dagaa wako mchangani, ulipenda sana mvua isinyeshe.

Mama: Ikanyesha.

Mshauri: Kama ingekuwapo sheria kwamba unachokipenda sana ni lazima kiwe, mvua ingenyesha?

Mama: Isingenyesha. (Ananyamaza.) Lakini mwalimu, mvua haina akili. Mwenyekiti ana akili, anajua mimi si mtu wa kudhulumu.

Mshauri: Ni kweli, ana akili. Je, kuna sheria inayowazuia watu wenye akili kusema yasiyotupendeza?

Mama: Haipo. Watu wanasema wanavyotaka.

Ona alipokataa. Pale aliposema mvua haina akili, mama alikuwa anafikiri. Hicho ndicho unachokitafuta, wala siyo "ni kweli, mwalimu". Mteja anayekupinga mara moja au mbili katika kikao amepiga hatua kuliko anayeitika kila kitu. Ukipata pingamizi kama hilo usilipuuze wala usiharakishe kushinda. Likubali lilivyo, kisha uliza swali linalofuata.

Ile kauli ya kujihukumu, "mimi si kitu", ipinge peke yake, baada ya "lazima" kulegea. Vitabu vya Ulaya na Marekani hupenda mfano wa kapu la matunda: tunda moja likioza hutupi kapu zima. Kwa mchuuzi wa Mwaloni mfano huo unaweza kukuangusha, kwa sababu yeye anajua kwamba mnunuzi akiona dagaa waliooza juu ya gunia, anashusha bei ya gunia zima au analichukua kwa bei ya chakula cha kuku. Swali la jirani lina nguvu zaidi. Muulize kama kuna mwanachama mwingine aliyewahi kuchelewesha marejesho. Yupo, daima yupo. Je, mama yule alipochelewa, aligeuka kuwa si kitu? Watoto wake walipoteza mama? Alisahau kupika, kuuza, kuuguza mgonjwa? Mteja atasema hapana, aliyumba tu. "Na kanuni gani inayomhusu yeye lakini haikuhusu wewe?" Mpe muda wa kujibu. Ukimya wa nusu dakika hapo una kazi yake. Usiujaze kwa mawaidha.

Kisha mjenge kauli mpya, kwa maneno yake, na iwe na pande zote. Ikiwa na upande mmoja tu haitashika. Kwa mfano: "Napenda sana nisitajwe mbele ya kikundi, lakini hakuna sheria kwamba nisitajwe. Nikitajwa ni vibaya, lakini si mwisho wangu. Ni vigumu kukaa pale, lakini naweza, na inafaa nikae kwa sababu nataka kulipa na kubaki mwanachama. Mimi ni binadamu niliyechelewesha marejesho, si deni." Mwache aiseme kwa lugha anayojisemesha nayo akiwa peke yake. Kama nyumbani ni Kisukuma, Kikerewe au Kijita, aitunge kwa hiyo lugha hata kama wewe huielewi yote, akufafanulie baadaye. Kauli ya Kiswahili sanifu aliyoikariri kwako haifanyi kazi saa nane za usiku.

Kauli hiyo mpya nayo ipitishe kwenye maswali yaleyale matatu. Ina ushahidi? Inafuata mantiki? Itamsaidia? Hatua hii huachwa mara nyingi, na ndipo mteja anapobaki na kauli mpya kama neno la mshauri badala ya hitimisho lake mwenyewe.

Sasa nusu ya pili ya tatizo lako: kuitika. Kumwitikia anayekufundisha ni heshima, na mteja wako ni mtu mwenye adabu. Kwa hiyo usimuulize "umeelewa?" wala "unakubali?" Muulize anaiamini kauli mpya kwa kiasi gani, sifuri mpaka kumi, akiwa hapa ofisini, kisha anaiamini kwa kiasi gani akiwa amesimama mlangoni pa kikao. Mara nyingi utasikia nane na tatu. Ile tatu ndiyo habari. Ellis alitofautisha kuelewa kwa kichwa na kuamini kwa nguvu kiasi cha kuhisi na kutenda tofauti, na tofauti kati ya nane na tatu ndiyo hiyo. Halafu badilishaneni nafasi kwa dakika tatu hadi tano: wewe useme zile "lazima" zake kwa nguvu zote, yeye akupinge. Atakapokwama, umejua hasa ni sehemu gani ya imani ya zamani ambayo bado ina nguvu.

Baada ya hapo njozi ya makusudi, zoezi ambalo Ellis alilichukua kwa daktari wa akili Maxie Maultsby na kulifanya kwa namna yake. Afumbe macho, aone chumba cha kikao, mwenyekiti amesimama, jina limetajwa, wifi ameinua uso. Aiache aibu ije kweli. Ikishakuja, mwambie aibadilishe iwe masikitiko tu, bila kuibadilisha picha. Hapo ndipo watu hukosea: mteja anamwondoa wifi kwenye picha au anamfanya mwenyekiti atabasamu, na anapata nafuu ya uongo. Picha ibaki mbaya vilevile. Akifungua macho, muulize alijiambia nini mpaka hisia ikabadilika. Kama jibu ni "niliwaza mambo mengine", rudieni. Nyumbani afanye dakika chache kila siku, kwa wiki tatu au nne, na asiache siku aliyoamka vizuri.

Lakini njozi haitoshi. Lazima aende kikaoni. Ndiyo maana nilitaja ile bustani ya Bronx. Kazi ya nyumbani iwe tendo moja, lenye siku na saa, analolichagua mwenyewe, gumu kiasi cha kumchokoza lakini lisimshinde kabisa. Kwa mfano: Jumamosi hii aende, akae mpaka mwisho, na zamu yake ikifika asimame na kusema kiasi anachodaiwa, kiasi alicholeta leo hata kama ni shilingi 5,000, na tarehe ya rejesho linalofuata. Ajitajie mwenyewe kabla hajatajwa. Kama hilo bado ni kubwa mno, aanze kwa kwenda kwa mweka hazina nyumbani.

Ellis alikuwa na mazoezi ya kushambulia aibu yaliyokuwa ya kustaajabisha, kama kutembea barabarani ukiburuta ndizi kwa kamba. Mji wetu ni mdogo kuliko New York, na mchuuzi anaishi kwa jina lake. Usimpe mteja zoezi litakalomharibia biashara, kumvunjia ndoa au kumpeleka polisi. Kuingia duka la vitenge Makoroboi na kuuliza bei ya vitunguu kunatosha kwa anayetaka kujizoesha kuchekwa na wasiomjua. Kwa mama huyu sioni haja. Kikao chenyewe kinatosha.

Deni nalo bado lipo, na ni tatizo halisi. Utaratibu unaofaa ni kuituliza hisia kwanza, kisha mpango wa kulipa, kwa sababu mtu aliyejaa aibu hupanga vibaya: huahidi kiasi asichoweza au hukopa kwingine kwa riba kubwa ili afiche. Akitulia kidogo, kaeni na kalamu. Siku za mbalamwezi dagaa hupungua ziwani, kwa hiyo asiahidi rejesho kubwa kuangukia hapo. Msimu wa mvua ukaribiapo, aanikie kwenye vichanja na awe na turubai, au apunguze mzigo. Hayo si tiba, lakini mshauri asiyeyagusa huonekana anazungumzia mawinguni.

Angalia pia jambo moja linalojificha. Wapo wanaoona aibu kwa sababu wanaona aibu, au wanajilaumu kwa kuja kwa mshauri: "mtu mzima mimi, kuletwa ofisini kwa mawazo." Hilo ni tatizo la pili juu ya la kwanza. Likiwepo na likawa na nguvu, lishughulikie kabla ya kikoba, la sivyo kila swali lako litampiga mahali ambapo hukukusudia.

Kuhusu dini, maana lazima utakutana nayo. Ellis hakuamini Mungu na hakuficha, lakini tiba yake imetumiwa na washauri waumini kwa wateja waumini, na haina haja ya kugusa dini ya mtu. Usimpinge imani yake. Mteja akisema "nimemwachia Mungu" huku halali, muulize kwa upole kama imani yake inafundisha kwamba aliyechelewesha deni si kitu tena mbele za Mungu. Mkristo na Mwislamu wote wana mengi ya kujibu hapo kuhusu rehema, na majibu yao yana nguvu kuliko yako.

Kosa jingine ni kupinga hofu iliyo ya haki. Mtu wa Ukerewe akikwambia anaogopa kusafiri majini, usimwambie meli hazizami. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 na mamia walikufa. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018. Anayekataa kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, au anayedai koti la kuokolea, anatumia akili. Cha kupingwa ni "lazima nipewe hakika kwamba hakitazama, bila hakika hiyo siwezi kwenda kumzika mama yangu". Hakika hiyo haipatikani hata barabarani. Ukichanganya haya mawili, mteja ataona unamdharau, na atakuwa na haki.

Vilevile, mke anayepigwa hana tatizo la "lazima asinipige". Usikae naye mkichambua imani wakati usalama wake haujashughulikiwa. Hapo ni afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia polisi, na mahali pa kulala usiku huo. Aliyefiwa wiki iliyopita anahitaji kufarijiwa, si maswali ya mantiki. Anayesikia sauti zisizokuwepo, aliyelewa, au asiyekula wala kuinuka kitandani kwa wiki mbili, mpeleke hospitali. Kwa Mwanza ni Sekou Toure au Bugando. Na kwa kuwa mama huyu halali na anajiita si kitu, muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo na ana namna aliyoipanga, usimwache peke yake. Mpigie ndugu anayemwamini na umfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Kikao kijacho, anza na kazi ya nyumbani kabla ya jambo lingine lolote, na uipe dakika kumi za mwanzo. Ukiiacha ikapita bila kuulizwa, umemfundisha kwamba haikuwa na maana. Kama alienda kikaoni, muulize alijiambia nini pale mlangoni. Usiulize tu kama mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu huenda yalikwenda vibaya na bado akafanya kazi nzuri sana. Kama hakwenda, usimkaripie wala usimfariji haraka. Kutokwenda ni A mpya. Tafuteni alichojiambia Jumamosi ile asubuhi. Mara nyingi utakuta "ni ngumu mno, siwezi, nitaenda nikijisikia vizuri", yaani kauli ya kukana uwezo, ambayo pengine hamkuigusa kabisa wiki iliyopita kwa kuwa mlikuwa kwenye aibu. Pingeni hiyo, punguzeni tendo kwa nusu, mwandike siku na saa, na mpange nani atakayemsindikiza mpaka mlangoni.